Kulinganisha gharama ya treni na basi kwa msafiri mmoja na kwa familia

Swali la msomaji: Kila mwaka nasafiri mara nne, kwenda na kurudi, katika njia ya takriban kilomita 450. Mara mbili huenda peke yangu, na mara mbili huenda na mume wangu pamoja na watoto wetu wawili, wa miaka 6 na 9. Kila nikitazama nauli naona basi ni rahisi kuliko treni, lakini wifi yangu anashikilia kwamba treni ndiyo nafuu. Nani kati yetu yuko sahihi? Na je, kadi ya punguzo inayouzwa na shirika la reli ina faida kwa mtu kama mimi?

Jibu: Nakushukuru, dada, kwa swali ulilolipanga vizuri, kwa sababu umetaja mambo matatu ambayo wengi wanaoniuliza juu ya nauli huyaacha: umbali, idadi ya wasafiri na umri wa watoto. Bila mambo hayo siwezi kumjibu mtu kwa uaminifu. Kwa kuwa umeyataja, naweza kukuambia tangu mwanzo kwamba huenda wewe na wifi yako nyote mko sahihi: basi likawa nafuu unaposafiri peke yako, na treni ikawa nafuu mnaposafiri wanne, katika njia ile ile na siku ile ile. Nitakuonyesha kwa hesabu, kisha nitaeleza nauli hizo zinatoka wapi, maana asiyejua bei inavyopangwa hawezi kukisia lini itapanda na lini itashuka.

Nauli inayoandikwa kwenye tiketi ni ya kutoka kituo kimoja hadi kingine, na hakuna anayeishi kituoni. Msafiri hulipa kutoka mlango wa nyumba anayotoka hadi mlango wa nyumba anayokwenda, na katikati yake huwa na usafiri wa kumfikisha kituoni, mizigo, chakula cha njiani, na wakati mwingine malazi. Tuseme nauli ya basi kwa mtu mzima ni 100, nikitumia nambari tupu bila jina la fedha ili uweze kuweka bei zako mwenyewe, na nauli ya treni ni 130. Tuseme pia kwamba kituo cha basi kiko karibu, hivyo kila mtu hutumia 5 kufika huko na 5 kutoka upande wa pili, ilhali stesheni iko mbali na makazi, hivyo inakubidi kukodi teksi ya 30 kwa jumla. Safari ya basi ni ya saa 8, kwa hiyo chakula hugharimu 15 kwa kila mtu. Safari ya treni ni ya saa 5, na chakula ulichobeba kutoka nyumbani karibu kinatosha, kwa hiyo tuweke 5 tu.

Ukiwa peke yako, basi litakugharimu 100 za nauli, 10 za kufika na kutoka kituoni, na 15 za chakula, jumla 125. Treni itakugharimu 130, kisha teksi 30, kisha chakula 5, jumla 165. Basi ni nafuu kwa 40, nawe uko sahihi.

Sasa chukua safari ya familia. Mabasi mengi ya masafa marefu huuza kiti: mtoto anayekalia kiti hulipa nauli ya kiti, hata kama miguu yake haifiki sakafuni. Mashirika mengi ya reli, kwa upande wake, humtoza mtoto wa umri wa watoto wako nusu ya nauli. Kwa basi mtalipa nauli 400, usafiri wa vituoni 40, chakula 60, na tuseme mizigo miwili iliyozidi kiwango kwa 15 kila mmoja, yaani 30. Jumla ni 530. Kwa treni mtalipa 260 kwa watu wazima wawili na 130 kwa watoto wawili, chakula 20, na teksi ile ile ya 30, kwa sababu teksi haiongezi bei kwa kuwa mmepanda wanne. Jumla ni 440. Treni imekuwa nafuu kwa 90, na kama wifi yako husafiri na watoto basi ameyaona haya kwa macho yake. Angalia kwamba hakuna nauli iliyobadilika. Waliobadilika ni wasafiri.

Vitu viwili vimeigeuza hesabu hiyo, navyo ndivyo unavyopaswa kuviuliza kwanza katika njia yako. Cha kwanza ni kanuni ya watoto, yaani umri wa mwisho wa nusu nauli na umri wa kusafiri bure, kwa sababu mwaka mmoja tu wa umri unaweza kuhamisha jibu lote kutoka treni hadi basi. Cha pili ni gharama zisizogawanyika, kama vile teksi, ambazo humwumiza msafiri mmoja na kuwa nyepesi kwa kundi. Kwa sababu hiyo hiyo, mkiwa wanne na gari lenu wenyewe liko nyumbani, kuna mshindani wa tatu ambaye hukumtaja. Lakini umeniuliza juu ya basi na treni, nami nitabaki hapo.

Kuna gharama moja ambayo sikuiweka katika jumla hizo, nayo ni muda. Sipendi kuutia muda bei kana kwamba kila saa ya mtu inauzwa, kwa hiyo hufanya kinyume: hutafuta bei ambayo usafiri wenyewe unakuuzia saa, kisha humwachia msafiri aamue. Ukiwa peke yako, basi ni saa 8 na vituoni tuongeze saa 1, jumla 9. Treni ni saa 5, na kwa teksi pamoja na kuwahi stesheni tuongeze saa 1 na nusu, jumla saa 6 na nusu. Treni inakuokolea saa 2 na nusu kwa nyongeza ya 40, maana yake kila saa unainunua kwa 16. Linganisha 16 hiyo na kile unachopata kwa saa moja ya kazi yako, au na uchovu utakaofika nao, na useme mwenyewe kama ni ghali. Msafiri anayeanza kazi mara tu akishuka hujibu tofauti na yule anayekwenda kupumzika kwa wazazi, na wote wawili wana haki.

Sasa tuangalie bei zenyewe. Basi na treni hazifanani kabisa katika namna zinavyokula fedha. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hubingirika kwa kizuizi kidogo sana, mara kadhaa chini ya kile cha tairi la mpira juu ya lami, ndiyo maana injini moja inaweza kuvuta mamia ya watu kwa nishati kidogo kwa kila kichwa. Treni yenye viti 500 inahitaji dereva mmoja na wahudumu wachache. Kuwabeba watu hao hao kwa mabasi ya viti 50 kunahitaji mabasi 10, injini 10, na madereva 10, au 20 ikiwa njia ni ndefu. Kwa mfano, katika nchi za Umoja wa Ulaya dereva wa basi haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 9 kwa siku, isipokuwa mara mbili kwa wiki anapoweza kufika saa 10, na kila baada ya saa 4 na nusu za kuendesha lazima apumzike dakika 45. Ukitazama gari likiwa njiani na viti vimejaa, treni ndiyo rahisi.

Lakini reli yenyewe lazima iwepo. Kuna mataruma, kokoto, madaraja, mahandaki, mitambo ya ishara, nyaya za umeme na stesheni, na vyote hivyo hugharimu karibu kiasi kile kile ziwe zimepita treni 5 au treni 50 kwa siku. Basi hupita katika barabara ambayo hutumiwa pia na malori na magari madogo, na mwenye basi huichangia kwa kodi ya mafuta, leseni na ushuru wa barabara pale unapotozwa, kwa kadiri anavyotembea. Akiona abiria wamepungua huliondoa basi katika njia hiyo na kulipeleka kwingine kesho yake, jambo ambalo mwenye reli hawezi kulifanya na reli yake.

Kutokana na tofauti hiyo, nauli ya basi hukaa karibu na gharama halisi ya kuendesha basi: mafuta, dereva, tairi, mkopo wa gari. Bei ya mafuta ikipanda nayo hufuata upesi, na washindani wakiongezeka hushuka. Nauli ya treni haina mahali pa asili pa kukaa. Ukiigawanya gharama ya reli nzima kwa abiria, itakuwa juu mno katika njia yenye watu wachache na ya chini katika njia inayojaa. Na ukihesabu tu gharama ya kumwongeza abiria mmoja katika kiti ambacho kingekwenda kitupu, ni karibu na sifuri. Kati ya ncha hizo mbili, kuna mtu anayeamua: serikali inayotoa ruzuku, au shirika linalotafuta kila abiria atakubali kulipa kiasi gani. Ndiyo maana unaposikia mtu akisema kwa jumla kwamba treni ni ghali, au kwamba ni rahisi, hakika ametaja uamuzi wa nchi moja au wa shirika moja.

Mifano ya maamuzi hayo ni mingi na ya zamani. Uingereza, kwa sheria ya reli ya mwaka 1844, iliyalazimisha makampuni kuendesha katika kila njia angalau treni moja kila siku ya kwenda na kurudi, ikisimama kila stesheni, kwa nauli isiyozidi peni moja kwa maili, ikiwa na mabehewa yenye viti na yaliyokingwa na mvua, na kasi isiyopungua maili 12 kwa saa, ambayo ni kama kilomita 19. Sheria hiyo hiyo ilimruhusu abiria kubeba pauni 56 za mzigo, takriban kilo 25, bila malipo, ikawaachia watoto wa chini ya miaka 3 wasafiri bure na wale wa kati ya miaka 3 na 12 kwa nusu nauli. Huivutia akili yangu sheria hii kila ninapoisoma, kwa sababu walioiandika walielewa kwamba kumhakikishia maskini nauli peke yake hakutoshi; waliitaja mizigo, watoto, mvua na mwendo, vitu vile vile ambavyo leo vinaamua kama wewe upande basi au treni.

Karibu na wakati wetu, Ujerumani iliuza kwa miezi mitatu tu, Juni hadi Agosti 2022, tiketi ya euro 9 kwa mwezi iliyokubaliwa katika mabasi ya mijini na treni za mikoa nchini kote, kisha kuanzia Mei 2023 ikaweka tiketi ya kudumu ya namna hiyo kwa euro 49, ambayo Januari 2025 ilipanda hadi 58. Treni za mwendo kasi za masafa marefu hazimo ndani ya tiketi hiyo. Luxembourg ilikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 29 Februari 2020 abiria wa mabasi, tramu na treni za ndani ya nchi halipi chochote, isipokuwa akitaka daraja la kwanza. Hakuna gurudumu lililokuwa rahisi kuendesha siku hiyo kuliko siku iliyotangulia. Mlipaji alihama, kutoka mwenye tiketi hadi mlipakodi.

Ushindani nao hubadilisha bei, tena kwa pande zote mbili. Ujerumani kwa miongo mingi ilizuia mabasi ya masafa marefu ndani ya nchi yasishindane na reli, isipokuwa katika njia chache, hasa za Berlin, mpaka zuio hilo lilipoondolewa Januari 2013. Ufaransa ilifanya hivyo mwaka 2015. Kwa msafiri maana yake ni hii: katika njia ambayo basi na treni zinagombania abiria wale wale, tazama bei za zote mbili hata kama umezoea moja, kwa sababu mmoja akipunguza mwenzake halali usingizi.

Nije sasa kwenye jambo linalowapotosha wengi kuliko yote, nalo ni bei ya kiti kubadilika kadiri siku ya safari inavyokaribia. Mashirika mengi ya reli, na sasa makampuni mengi ya mabasi, hugawa viti vya safari moja katika mafungu ya bei. Fungu la chini huwa na viti vichache. Vikiisha, mnunuzi anayefuata huuziwa bei ya fungu la pili, na kadhalika, mpaka anayefika dirishani saa moja kabla ya kuondoka akalipa bei ya juu kabisa. Kwa hiyo ulipotazama nauli ya treni ukaiona ni 130, swali langu la kwanza ni: uliitazama siku ngapi kabla ya safari? Wiki tatu mapema huenda ingekuwa 80. Siku mbili kabla huenda ingekuwa 190. Nauli ya basi kwa kawaida haiyumbi sana kama ya treni, ingawa siku za sikukuu nayo hupanda. Anayelinganisha treni ya kesho na basi la kesho, na anayelinganisha treni ya mwezi ujao na basi la mwezi ujao, wanaweza kupata majibu mawili yanayopingana, na wote wamehesabu vizuri.

Mkiwa wanne, kuna jambo dogo la kujaribu. Baadhi ya mifumo ya kukatia tiketi, ikiombwa viti vinne kwa pamoja wakati fungu la chini limebakiwa na viti viwili, huwauzia wote wanne bei ya fungu la juu. Jaribu kutafuta viti viwili viwili kabla ya kulipa. Ukiona bei ya jozi ya kwanza ni ya chini, umegundua hilo. Gharama yake ni kwamba huenda mkakaa mbalimbali, na kwa mtoto wa miaka 6 jambo hilo halikubaliki, kwa hiyo mzazi mmoja na mtoto mmoja wakatiwe pamoja.

Tiketi ya fungu la chini huja na masharti, na masharti hayo ni sehemu ya bei. Isome kabla ya kulipa. Juu yake utaona namba ya treni, tarehe, saa, behewa na kiti, na mahali fulani, mara nyingi kwa herufi ndogo, maneno yanayosema kwamba inatumika katika treni hiyo tu na kwamba nauli hairudishwi. Mimi mwenyewe niliwahi kukata tiketi ya namna hiyo mapema sana, nikafurahia bei, kisha siku ya safari basi lililokuwa linipeleke stesheni likachelewa dakika 20. Nilifika jukwaani nikaliona behewa la mwisho likiondoka. Tiketi mpya ya dirishani ilinigharimu zaidi ya mara mbili ya ile niliyokuwa nimeishika mkononi, na jumla ya zote mbili ilizidi hata tiketi ya bei kamili ambayo ingeniruhusu kupanda treni iliyofuata. Tangu hapo huihesabu hatari hiyo kabla ya kununua.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua tiketi isiyorudishwa ya 100 na tiketi inayobadilishika ya 120. Jiulize: katika safari zangu 5 zilizopita, ngapi niliziahirisha au nilizikosa? Ikiwa ni 1 kati ya 5, basi katika safari 5 utanunua tiketi 6 za 100, yaani 600, ambayo ni sawasawa na tiketi 5 za 120. Ukiahirisha mara chache kuliko hapo, nunua ile ya masharti; ukiahirisha mara nyingi zaidi, ile ya 120 ndiyo rahisi. Kwa safari ya familia iliyofungwa na likizo ya shule, ambayo tarehe yake haibadiliki, tiketi ya masharti iliyokatwa mapema karibu kila mara ndiyo sahihi, mradi watoto wawe na afya.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini shirika liyaweke masharti hayo magumu, ilhali kubadilisha tiketi hakuligharimu kitu kikubwa. Mhandisi Mfaransa Jules Dupuit alilijibu swali hilo mwaka 1849, alipoeleza kwa nini mabehewa mengine ya daraja la tatu yaliachwa bila paa. Alisema sababu haikuwa gharama ya paa. Sababu ilikuwa kumzuia abiria mwenye uwezo wa kulipa daraja la pili asishawishike kusafiri kwa la tatu, na maskini aliumia kwa kuwa katikati ya kusudio hilo. Masharti ya leo hufanya kazi hiyo hiyo: humtenga mfanyabiashara, ambaye ratiba yake hubadilika na mfuko wake unalipa, na msafiri anayehesabu kila senti. Ukilielewa hilo utajua kwamba unyumbufu usiouhitaji hupaswi kuulipia.

Namna nyingine ya kupunguza nauli ya treni ni kuikata safari vipande, na hapa nchi hutofautiana mpaka ushauri unaofaa mahali pamoja ukawa hasara mahali pengine. Nchini Uingereza ni jambo linalojulikana na linaloruhusiwa kwamba tiketi mbili, moja ya kutoka mwanzo hadi stesheni ya katikati na nyingine ya kutoka hapo hadi mwisho, zinaweza kuwa rahisi kuliko tiketi moja ya njia nzima, ingawa abiria hateremki, mradi treni isimame katika stesheni hiyo ya katikati. Katika reli za India mambo ni kinyume: nauli kwa kila kilomita hupungua kadiri safari inavyorefuka, kwa hiyo anayekata vipande hujiongezea gharama. Jaribu mara moja katika njia yako, uandike jibu, na usirudie tena. Ikiwa vipande hivyo ni vya treni mbili tofauti, uliza kwanza kama ukichelewa kwa kosa la treni ya kwanza utapandishwa katika inayofuata, kwa sababu tiketi mbili zilizonunuliwa mbali mbali mara nyingi huhesabiwa kuwa safari mbili zisizohusiana.

Kuchelewa nako kuna bei yake, na mahali pengine hurudishiwa fedha. Katika Umoja wa Ulaya abiria wa treni iliyochelewa kati ya dakika 60 na 119 ana haki ya kudai robo ya nauli, na kuanzia dakika 120 nusu ya nauli, isipokuwa pale sababu ilipokuwa nje kabisa ya uwezo wa shirika. Kwa mabasi haki hizo ni finyu zaidi na hutegemea umbali wa safari. Popote ulipo, uliza shirika lako lina kanuni gani, kwa maana fedha hizo hupewa anayezidai.

Juu ya safari za usiku nitasema kwa ufupi tu, kwa kuwa umesema mnasafiri na watoto na sidhani mtazipenda. Kitanda cha treni au kiti cha basi la usiku huokoa gharama ya malazi iwapo tu ungelipia malazi usiku huo. Ikiwa unafikia kwa ndugu ambako kitanda kinakungoja, hukuokoa chochote, na nyongeza ya behewa la kulala ni gharama tupu.

Angalia pia nyongeza zisizoonekana katika nauli ya kwanza. Katika treni nyingi za mwendo kasi nauli ya msingi haitoshi. Kuna ada ya kukata kiti au ada ya treni ya haraka juu yake, kama ilivyo nchini Japani, ambako tiketi ya mwendo kasi hulipwa juu ya nauli ya kawaida. Katika mabasi nyongeza huwa ni mizigo, uchaguzi wa kiti, na ada ya kulipia kwa mtandao. Linganisha ukurasa wa mwisho wa malipo kwa ukurasa wa mwisho wa malipo, kabla hujabonyeza kukubali.

Nimebakisha swali lako la kadi. Tuseme kadi inauzwa kwa 120 kwa mwaka na inampunguzia mwenye kadi peke yake theluthi moja ya nauli. Njia ya haraka ya kuipima ni kuzidisha bei ya kadi kwa tatu: mtu atakayetumia zaidi ya 360 kwa mwaka kwa tiketi zake mwenyewe za treni atafaidika. Safari zenu mbili za familia, kwenda na kurudi, zina nauli yako wewe mara 4, yaani 520. Theluthi yake ni 173. Ukitoa bei ya kadi, umebakiwa na 53 kwa mwaka, faida ndogo lakini ya kweli, hata kama safari zako za peke yako unaendelea kuzifanya kwa basi.

Hata hivyo, kadi ikiwa tayari mkononi, safari zako za peke yako nazo zinahesabiwa upya. Fedha ya kadi imeshalipwa na hairudi, kwa hiyo haiingii tena katika ulinganisho. Nauli yako ya treni imeshuka kutoka 130 hadi takriban 87. Ongeza teksi 30 na chakula 5, unapata 122, ilhali basi bado ni 125. Treni ambayo bila kadi ilizidi basi kwa 40 sasa iko chini ya basi kwa 3, tena inakufikisha saa 2 na nusu mapema. Kabla ya kuinunua, uliza dirishani mambo mawili: kama punguzo la kadi linakubaliwa pia katika tiketi za fungu la chini zinazokatwa mapema, na kama watoto wanaosafiri na mwenye kadi wanapunguziwa chochote zaidi ya nusu nauli. Jibu la swali la kwanza likiwa hapana, nawe una desturi ya kukata tiketi wiki tatu kabla, iache kadi hiyo.